Barua za Ndugu Wawili, Jenerali na Seneta Sherman: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila mara barua hizi zinapotajwa. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale ya wabishi. Swali lililokwisha kujibiwa mahali pengine tumelielekeza huko badala ya kulijibu mara mbili.

## Kuwajua wenyewe

Hawa ndugu ni akina nani?

William Tecumseh Sherman (1820–1891) ni yule jenerali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa na majimbo ya Kusini yaliyotaka kujitenga. Ndiye aliyeiteka Atlanta mwaka 1864, kisha akakata jimbo zima la Georgia hadi baharini. John Sherman (1823–1900) ni mdogo wake. Huyu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa wakili wa mji wa Mansfield, Ohio, aliyeingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1855, akawa seneta mwaka 1861, Waziri wa Fedha kuanzia 1877 hadi 1881, na mwishoni Waziri wa Mambo ya Nje chini ya Rais McKinley, 1897 hadi 1898.

Nje ya Marekani anayejulikana ni jenerali. Lakini wakati wa uhai wao, aliyekuwa na mkono katika fedha na sheria za nchi kwa muda mrefu zaidi ni yule mdogo, na ndiyo maana barua zake hazistahili kurukwa, ijapokuwa hazina moto kama za kaka yake.

Mbona ndugu wa tumbo moja walilelewa nyumba tofauti?

Baba yao, Charles Sherman, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Ohio. Alifariki ghafla mwaka 1829, akamwachia mjane wake Mary watoto kumi na mmoja na mali kiduchu. Ndugu na majirani wakagawana mzigo. William, akiwa na miaka tisa, alichukuliwa na jirani yao wa Lancaster, Thomas Ewing, mwanasheria mwenye uwezo na mtu mzito katika siasa. John baadaye alipelekwa kwa binamu ya baba yao, mji wa Mount Vernon.

Malezi hayo yanaeleza mengi. Ewing ndiye aliyempatia William nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na mwaka 1850 William akamwoa Ellen, binti wa nyumba ileile. Kwa hiyo mlezi akawa pia mkwe. Kila unapomwona jenerali akinung'unika katika barua kwamba hataki kuishi kwa fadhila za mtu, kumbuka mtoto wa miaka tisa aliyehamishiwa nyumba ya jirani.

Barua zinaanza lini na kuishia lini?

Zinaanza mwaka 1837 na kuishia 1891, mwaka aliofariki William. Ile ya kwanza iliandikwa na kijana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa West Point, kwenda kwa mdogo wake wa miaka kumi na minne ambaye tayari alikuwa kibaruani, akishika fimbo za wapima katika kazi ya kurekebisha mto Muskingum. John alikaa kwenye kazi hiyo hadi 1839, alipoachishwa kwa sababu za kisiasa: chama kilichoshika serikali ya jimbo hakikuwa chake. Unaweza kusema alianza kuijua siasa kwa kupigwa teke nayo.

Walikuwa wakiitanaje?

Mara nyingi barua inafunguliwa kwa "Ndugu mpendwa" tu, hata walipokuwa wazee wenye vyeo. Nyumbani William aliitwa Cump, kifupi cha Tecumseh, jina ambalo baba yake alilitoa kwa chifu wa Washawnee aliyekufa vitani mwaka 1813.

## Kabla ya vita

William alifanya nini miaka ya 1850, na barua zilimfikiaje?

Aliacha jeshi mwaka 1853 akaenda kusimamia tawi la benki San Francisco. Hata kufika kwenyewe kulikuwa balaa: meli yake ilikwama kwenye miamba karibu na pwani ya California, akapanda mashua nyingine kwenda kutafuta msaada, nayo ikapinduka. Mara mbili kwa siku moja, na akatoka mzima.

Wakati huo hapakuwa na reli ya kuvuka bara. Barua ya Ohio kwenda California ilipanda meli hadi Amerika ya Kati, ikavuka ardhi pale Panama au Nikaragua, ikapanda meli nyingine upande wa Pasifiki. Ilikuwa kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo maana barua za kipindi hiki ni ndefu na zinajumlisha mambo mengi kwa pamoja, tofauti na zile za miaka ya baadaye ambazo nyingine ni fupi kama telegramu. Tawi la benki lilifungwa mwaka 1857, na William akabaki akitangatanga kutafuta kazi hadi alipopata ukuu wa shule ya kijeshi Louisiana mwaka 1859.

Walikubaliana kuhusu utumwa?

Hapana, na ni vizuri jambo hili lisemwe wazi, maana wapo wanaodhani jenerali aliyevunja nguvu za Kusini lazima alikuwa mpinzani wa utumwa tangu mwanzo.

John alikuwa wa chama kipya cha Republican. Mwaka 1856 alikwenda Kansas katika kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza ghasia kati ya walowezi waliotaka utumwa na walioupinga, na kazi hiyo ndiyo iliyomtangaza nchi nzima. Alitaka utumwa usipate kuenea katika maeneo mapya. William, kwa upande wake, alikuwa ameishi Kusini, ana marafiki huko, na aliona utumwa ni jambo la kuachwa kama lilivyo. Aliwadharau watu weusi, na barua zake hazifichi hilo. Alichokichukia kwa dhati ni nchi kuvunjika. Kwake kujitenga kwa majimbo kulikuwa uasi, na uasi hauna mjadala.

Kile kisa cha uspika na kitabu kilikuwaje?

Desemba 1859 John alisimama kugombea uspika wa Baraza la Wawakilishi. Alikuwa na kura nyingi kuliko wengine, lakini hazikutosha. Wabunge wa Kusini wakamkazia kwamba alikuwa ameweka jina lake kuunga mkono usambazaji wa kitabu cha Hinton Helper, mzungu wa North Carolina aliyeandika kwamba utumwa unawafukarisha wazungu maskini wa Kusini. John akajitetea kwamba hata kukisoma hakuwa amekisoma. Mvutano ulikwenda karibu miezi miwili, hadi akajitoa, na Februari 1860 akachaguliwa mwingine, Pennington wa New Jersey.

Sasa mtazame William. Shule yake ya Louisiana ilifunguliwa Januari 1860, katikati ya kelele hizo. Wazazi waliomkabidhi vijana wao walikuwa na watumwa, na kila gazeti lilikuwa na jina la Sherman. Watu walimuuliza usoni, hata kwenye meza ya chakula mbele ya gavana, kama yeye ni ndugu wa yule. Alikiri ni ndugu yake na akamtetea hadharani. Kwa barua, huko faraghani, alimkanya: mtu hatii sahihi kitu asichokijua. Hiyo ndiyo desturi utakayoiona katika barua zote hizi. Lawama zinabaki ndani ya bahasha.

Kwa nini William alimfokea mdogo wake walipotoka Ikulu?

Louisiana ilipokamata ghala la silaha za serikali kuu Januari 1861, baadhi ya bunduki zile zililetwa zitunzwe shuleni kwa William. Akajiuzulu. Machi akaenda Washington, na John akampeleka kwa Abraham Lincoln, aliyekuwa ndiyo kwanza ameapishwa.

Kisa chenyewe William alikisimulia miaka mingi baadaye katika kumbukumbu zake. John alianza na shughuli zake za kisiasa, akamkabidhi rais karatasi za watu wa Ohio waliotaka vyeo vidogovidogo. Kisha akamtambulisha kaka yake: huyu ametoka Louisiana sasa hivi, anaweza kukupa habari. Lincoln akauliza mambo yanaendaje huko. William akamwambia wenyewe wanaona yanakwenda vizuri sana, wanajiandaa kwa vita. Lincoln akajibu kwa wepesi kwamba haidhuru, wataweza kuitunza nyumba.

William alinyong'onyea. Walipofika nje akawamwagia wanasiasa wote matusi, na mdogo wake akiwa wa kwanza: mmeiharibu nchi wenyewe, itengenezeni wenyewe mnavyojua. John alimsihi awe na subira. Hakusikia, akaondoka zake kwenda St. Louis kusimamia kampuni ya tramu za farasi.

## Wakati wa vita

Je, John ndiye aliyempatia kaka yake cheo?

Alimsaidia, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Alimwandikia mara kwa mara kwamba vita vinakuja na nafasi nzuri ni ya atakayewahi, akamsemea kwa wakubwa Washington. Lakini William alikuwa mhitimu wa West Point wakati ambapo maofisa waliosoma walikuwa wachache, naye ana mkwe aliyekuwa seneta na waziri. Angerudi jeshini hata bila seneta mdogo. Mchango mkubwa wa John ulikuwa wa kumvuta mtu aliyenuna. Mwanzoni William alikataa kabisa, akisema wito wa Lincoln wa askari 75,000 ni sawa na kuzima nyumba inayowaka kwa bomba la mchezo la kurushia maji. Mei 1861 akakubali ukanali.

Ni kweli aliitwa mwendawazimu?

Ni kweli. Mwishoni mwa 1861 alikuwa na amri ya jeshi Kentucky, akaamini adui ni wengi mno, akakosa usingizi, akataka askari kwa idadi ambayo Washington iliona ni kichekesho. Akaondolewa. Desemba gazeti la Cincinnati Commercial likaandika kwamba ana wazimu, na magazeti mengine yakadaka.

Barua zake kwa John baada ya hapo ndizo ngumu kuliko zote kusoma. Januari 1862 alimwambia kwamba angekwisha kujiua kama si watoto wake. Mtu wa cheo chake kumwandikia hivyo seneta, karne ile, si jambo dogo. John hakumhubiria. Alimjibu kama mdogo mtu anayemjua kaka yake: kwamba makosa ya kukadiria adui yapo, na kwamba watu watasahau. Yeye, Ellen na mzee Ewing walizunguka Washington kumsafisha jina. Aprili 1862, kwenye mapigano ya Shiloh, William alipigwa risasi mkononi, farasi kadhaa wakauawa chini yake, hakurudi nyuma. Baada ya hapo neno wazimu likapungua.

Ndiyo chanzo cha chuki yake kwa waandishi wa habari?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Alisema pia kwamba magazeti yanampelekea adui siri za jeshi. Mwaka 1863 alimfikisha Thomas Knox wa New York Herald mbele ya mahakama ya kijeshi. John, ambaye kura zake zilitegemea magazeti hayohayo, alimsihi mara nyingi apunguze ukali. Alikuwa akitwanga maji kwenye kinu.

Aliandika nini akiwa katika ule msafara wa Georgia?

Msafara wenyewe haukuwa na barua. Aliondoka Atlanta katikati ya Novemba 1864, akakata mawasiliano kwa makusudi, na habari zake zikaanza kufika tena Desemba alipoikaribia Savannah, iliyoangukia mikononi mwake tarehe 21. John alikwenda kumuuliza Lincoln kama kuna habari za kaka yake. Lincoln akamjibu kwamba shimo alilolizamia wanalijua, atakakoibukia hawajui.

Kwa hiyo anayetaka kujua ya njiani asitafute humu. Kilichomo ni barua za baada yake, na mojawapo inafaa kusomwa polepole: ile ya Januari 1865, ambapo William anamwagiza John azuie mpango wa kumpandisha cheo awe sawa na Ulysses Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini. Hakutaka bunge liwafanye yeye na rafiki yake wapinzani. Ni mara chache mwanasiasa kuombwa na nduguye amnyime cheo.

Amri ya ekari arobaini haionyeshi kwamba alibadilika?

Amri yake ya Januari 1865 ilitenga ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida kwa familia za watu waliotoka utumwani, hadi ekari arobaini kila moja. Aliitoa siku chache baada ya yeye na Waziri wa Vita, Stanton, kukutana Savannah na viongozi ishirini wa makanisa ya watu weusi. Heshima ya wazo hilo ni ya wale wazee kuliko jenerali. Yeye alikuwa na maelfu ya watu nyuma ya jeshi lake na alitaka pa kuwaweka. Mwaka uleule Rais Andrew Johnson aliitengua na ardhi nyingi ikarudi kwa wenyewe wa zamani. Kuhusu msimamo wake kwa jumla, tazama swali la utumwa hapo juu na la haki ya kura hapa chini.

## Baada ya vita

Ugomvi na Stanton ulimgusaje John?

Aprili 1865 William alimpa Jenerali Johnston wa Kusini masharti mepesi mno ya kusalimu amri, yakigusa hata serikali za majimbo. Lincoln alikuwa ameuawa siku chache kabla, na Washington ilikuwa imechafukwa. Stanton akayakataa na kutangaza magazetini sababu zake kwa namna iliyomfanya jenerali aonekane kama msaliti. Kwenye gwaride la ushindi la Mei, mbele ya halaiki, William alikataa kumpa Stanton mkono.

John aliwekwa pabaya: kaka upande huu, waziri wa chama chake upande ule. Hakuyasifu masharti. Alichokitetea ni nia ya aliyeyatoa.

Walitofautiana vipi juu ya haki ya kura kwa watu weusi?

Hapa walikuwa mbali kweli. John alishiriki kuandika sheria ya 1867 iliyoweka Kusini chini ya majeshi na kudai wanaume weusi wapige kura. William aliona ni haraka mno na kwamba amani italetwa na wazungu wa Kusini waliokubali kushindwa. Barua za 1865 hadi 1868 ni mjadala wa hoja kwa hoja kati ya watu wawili wasiotarajia kubadilishana mawazo. Nionavyo, John ana hoja bora na William ana kalamu bora. Msomaji asikubali kalamu imzidi akili.

William alisimama wapi Rais Johnson aliposhtakiwa bungeni?

Alijitahidi asisimame popote. Johnson alitaka kumtumia dhidi ya Stanton, akapendekeza kumpandisha cheo na kumpa amri mpya yenye makao Washington. William alimwomba John apinge uteuzi huo usithibitishwe Seneti, na ukafa. Mei 1868 John alipiga kura ya kumtia rais hatiani. Zilipatikana 35 dhidi ya 19, ikapungua moja tu kufikia theluthi mbili.

Nani kati yao alitaka urais?

John aliutaka mara tatu, 1880, 1884 na 1888. Mwaka 1880 James Garfield alisimama kwenye mkutano mkuu wa chama chao, Chicago, kutoa hotuba ya kumpendekeza John, na baada ya duru 36 za kura mgombea akawa Garfield mwenyewe. Mwaka 1888 John aliongoza duru ya kwanza, mwisho akapewa Benjamin Harrison.

Aliyetakiwa bila kutaka ni William. Mwaka 1884 alipeleka telegramu kwamba hatakubali akiteuliwa wala hatatumikia akichaguliwa. Katika barua za miaka hiyo anamtahadharisha mdogo wake kwamba kiti hicho kinaua watu. Ushauri mzuri, ila uliandikwa na mtu asiyewahi kuwa na njaa hiyo.

Waliwahi kununiana kabisa?

Barua hazionyeshi hata kipindi kimoja cha aina hiyo. Tofauti zao zilikuwa kubwa kuliko zinazovunja familia nyingi, lakini walikuwa na desturi moja: wanaandikiana kwanza, hadharani wanasimama pamoja.

## Kuzisoma leo

Nani alizichapisha, na je, zote zimo?

Alizikusanya Rachel Sherman Thorndike, binti wa jenerali, zikatoka New York mwaka 1894 kwa jina *The Sherman Letters*. Zote hazimo. Ni uteuzi wa binti anayelinda jina la baba, na John mwenyewe alikuwa bado seneta. Mwaka uliofuata John naye akatoa kumbukumbu zake akitumia baadhi ya barua hizo. Asilia ziko Maktaba ya Bunge, Washington. Kwa miaka ya vita, yuko salama zaidi anayetumia mkusanyiko wa barua za jenerali uliohaririwa na Brooks Simpson na Jean Berlin, 1999.

Nianzie wapi kama sina muda?

Anza Desemba 1859, soma hadi Aprili 1862. Ukivutiwa, rukia 1865 hadi 1868. Barua za miaka ya 1870 zina mambo mengi ya noti na dhahabu, maana John ndiye aliyesimamia nchi kurudi kwenye noti zinazobadilishwa kwa dhahabu, Januari 1879. Asiyependa uchumi azipitie haraka.

Ni kweli familia iligombana juu ya dini William alipokuwa kitandani?

Mkewe Ellen alikuwa Mkatoliki wa kweli na mwana wao Thomas akawa padri Mjesuiti. William hakuwa mtu wa kanisa. Februari 1891 akiwa mahututi nyumbani kwake New York, watoto walimwita padri akampa mpako wa wagonjwa. Gazeti moja likadokeza kwamba walingoja John atoke. John akajibu kwa barua: hakuwapo, lakini angekuwapo asingepinga, kwa kuwa ilikuwa haki ya watoto kuomba dua za imani yao na ya mama yao. William alifariki tarehe 14, akazikwa St. Louis kando ya Ellen.

Vita hivyo viliigusa pwani yetu kwa lolote?

Viliigusa dukani. Kitambaa cha merikani kilichouzwa Unguja na bara kilitoka viwanda vya New England, navyo vilitegemea pamba ya Kusini. Vita vilipokata pamba, kitambaa hicho kikaadimika na bei ikapanda, na wafanyabiashara wa Uingereza na India wakachukua sehemu ya soko.

Kifaru cha Sherman na Sheria ya Sherman vinatokana na mtu mmoja?

Hapana. Kifaru cha M4 cha Vita vya Pili vya Dunia kiliitwa kwa jina la William. Sheria ya 1890 ya kuzuia makampuni kuhodhi biashara ni ya John, kama ilivyo ile ya mwaka uleule ya serikali kununua fedha, madini yenyewe. Roger Sherman aliyetia sahihi Azimio la Uhuru la 1776 ni wa ukoo wao wa mbali.